Chumvi ndani ya maji: ugomvi wa wenye elimu

Kila mpishi ajua kwamba chumvi ikitiwa katika maji hupotea machoni, lakini ulimini haipotei. Basi inakwenda wapi? Swali hilo liliwagombanisha wenye elimu ya kemia zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1884 kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, alileta kitabu chake cha udaktari mbele ya maprofesa wa Uppsala. Alikuwa amepima namna maji ya chumvi yanavyopitisha umeme. Hawakumnyima diploma, ila walimpa alama ndogo, isiyotosha kumfungulia njia ya kufundisha. Naye akatuma kitabu kwa Wilhelm Ostwald, profesa wa Riga, ambaye alifunga safari kuja kumwona. Mwaka 1887 Arrhenius akasema waziwazi: chumvi ikiyeyuka, hugawanyika vipande viwili vyenye umeme, yaani iyoni.

Wengi walimcheka, na kusema kweli hawakuwa wajinga. Sodiumu ikiguswa na maji huwaka. Kloro ni hewa yenye sumu. Vitu hivyo vingekaaje katika mchuzi wetu bila kutuua? Jibu ni hili: atomi ya sodiumu ikiisha kuiachia kloro elektroni moja, zote mbili hugeuka tabia kabisa. Lakini elektroni ilivumbuliwa mwaka 1897 tu. Arrhenius alibishana bila silaha hiyo. Mwaka 1903 akapewa zawadi ya Nobel.

Hata hivyo, yeye alifundisha kwamba maji ndiyo yanayoigawanya chumvi. Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence walichunguza kristali ya chumvi kwa miali ya X, wasione jozi hata moja! Kila sodiumu imezungukwa na kloro 6, na kila kloro na sodiumu 6. Kumbe, kama ilivyoeleweka baadaye, iyoni zimo tangu chumvi ingali kavu. Maji hayaziumbi, yanazifungua tu. Mwaka 1927 mzee Henry Armstrong wa Uingereza aliudhihaki mpango huo katika gazeti Nature, akiufananisha na ubao wa sataranji.

Tena si kila chumvi inafunguka sawasawa, maana iyoni zinashikana huku maji yanazivuta. Gramu 100 za maji zayeyusha gramu 36 hivi za chumvi yetu. Lakini kloruri ya feza, litri nzima yayeyusha miligramu 2 tu. Kwa hiyo, tone la nitrati ya feza likianguka katika maji ya chumvi, mara moja yanakuwa meupe kama maziwa: kloro imeshikana na feza, inashuka chini, na sodiumu inabaki katika maji.