Kutoka Ukunga hadi 999: Wito wa Dharura Kisii na Nyamira

Kabla ya utawala wa Waingereza, ulinzi wa nchi ya Wagusii, yaani Kisii na Nyamira ya leo, ulitegemea ebisarate, yaani kambi za mifugo ambamo vijana wapiganaji walikaa na ng'ombe, wakiwa tayari kuitikia ukunga, ile kelele ya hatari anayoipiga aliyevamiwa, kisha jirani akaipokea. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa kwamba aliyesikia wito ndiye aliyekwenda kuokoa, bila mtu wa kati.

Waingereza walijenga boma Kisii mwaka 1907, na Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza G. A. S. Northcote, jambo lililoleta msafara wa adhabu. Miaka michache baadaye ebisarate zilipigwa marufuku, na habari ya hatari ikalazimika kupanda kwa chifu hadi bomani ndipo amri ishuke. Njia hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo iliyorithiwa na Kenya huru.

Katika Kenya hiyo huru, namba ya dharura ya polisi, 999, ilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2013, mwaka ambao shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilidhihirisha kwamba polisi na wanajeshi hawakuwa na redio za kusikilizana. Mwaka 2014 serikali iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa. Kuanza huko kunaeleweka, lakini kuliziacha nyuma nyanda za juu zenye watu wengi kama za Kisii na Nyamira, ambako vilima kama Manga hukinga mawimbi ya redio na kuhitaji minara mingi zaidi kuliko tambarare.

Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi: polisi na mawasiliano ya simu vilibaki kwa serikali kuu, ilhali zimamoto na magari ya wagonjwa vikaenda kwa kaunti. Uzito wa mgawanyo huu unaonekana wazi zaidi Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira na unaogombewa na kaunti zote mbili, kwani moto ukizuka sokoni hapo, anayepiga 999 huwapata polisi wa taifa, na polisi hao nao huanza kutafuta ni kaunti ipi kati ya mbili itakayotuma gari la zimamoto.