Vyuma vya Caulaincourt

Vitabu vingi vinasema baridi ya Urusi ndiyo iliyowamaliza farasi wa Napoleon mwaka 1812. Mimi ni saisi. Kazi hii niliianzia kwenye mazizi ya Nairobi na sasa naifanya Kanada, ambako farasi hutandikwa na kutolewa nje theluji ikiwa magotini. Simulizi hiyo siikubali, maana inawasingizia wanyama udhaifu ambao hawakuwa nao.

Kwanza, wengi hawakuiona theluji. Jeshi lilivuka mto Niemen tarehe 24 Juni, katikati ya majira ya joto. Magari ya chakula yaliachwa nyuma, kwa hiyo farasi wakalishwa nafaka iliyokatwa mashambani ikingali mbichi, kisha wakanyeshewa mvua kubwa ya usiku kucha. Farasi hawezi kutapika. Akila kilicho kibichi kupita kiasi, gesi humjaa tumboni, utumbo hujisokota, naye hufa kwa maumivu makali. Maelfu walikufa hivyo kando ya barabara ya Vilna. Waliobaki walipandwa na askari wa Murat, mkuu wa vikosi vya farasi vya Napoleon, tangu alfajiri hadi usiku, matandiko hayavuliwi, migongo ikawa vidonda vitupu. Jeshi lilipoingia Moscow tarehe 14 Septemba, tayari kulikuwa na askari wa farasi wanaotembea kwa miguu.

Huko Moscow ndiko ninakomkuta mtu ninayemheshimu katika habari hii yote: Armand de Caulaincourt, mkuu wa mazizi ya Napoleon. Alikuwa balozi wa Ufaransa huko Saint Petersburg tangu 1807 hadi 1811, na majira ya baridi ya Urusi aliyajua kwa kuyaishi. Alimwonya bwana wake kabla ya vita, hakusikilizwa. Basi akafanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake: farasi wa nyumba ya mfalme wakavishwa viatu vya barafu. Vuli ya Moscow mwaka huo ilikuwa na jua zuri, na wakuu wa mizinga na vikosi vya farasi hawakuona haja ya kujisumbua.

Kiatu cha kawaida cha farasi ni chuma bapa kilichokunjwa kufuata umbo la ukwato. Kwenye udongo na mawe kinatosha. Kwenye barafu, chuma bapa ni hatari kuliko ukwato mtupu, kwa sababu ukwato wenyewe una kingo na shimo la katikati linaloshika chini kidogo. Tena joto la wayo huyeyusha theluji inayoingia ndani ya chuma, nayo huganda upya kwa baridi ya chuma hicho, hadi donge gumu linajijenga na farasi anasimama juu yake kama mtu aliyekanyaga chungwa. Dawa yake haihitaji elimu kubwa: mhunzi huotesha meno ya chuma chini ya kiatu, au hupigilia misumari yenye vichwa vikali, na wayo hupakwa mafuta ili theluji isigande. Kazi hiyo huchukua sehemu ya asubuhi kwa farasi mmoja. Lakini inataka makaa, chuma na mhunzi asiyetetemeka mikono, na vyote hivyo jeshi lilikuwa navyo Moscow kwa wiki tano.

Walitoka tarehe 19 Oktoba. Theluji ikaanza kuanguka mwanzoni mwa Novemba, na barabara ya Smolensk ikasuguliwa na miguu na magurudumu hadi ikawa kioo. Farasi wakaongezwa kwenye kila mzinga, na bado kilima kidogo kiliwashinda. Anayeanguka hujaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, chuma kinateleza, anaanguka tena. Akijaribu mara kadhaa nguvu zinakwisha. Askari wenye njaa walimkata nyama angali hai. Habari hiyo kila nikiisoma nalazimika kuweka kitabu chini. Mnyama yule hakushindwa na baridi. Alinyimwa mahali pa kukanyaga.

Mbele zaidi kwenye njia ya kurudi, huko Liady, mteremko uliganda hivi kwamba Napoleon mwenyewe na walinzi wake waliushuka wameketi, wakijiburura. Tarehe 10 Desemba, karibu kabisa na Vilna, kilima cha Ponary kilimaliza yaliyosalia: magari hayakuweza kupanda, mizinga ikaachwa, na hata magari ya hazina yakaachwa yamejaa dhahabu, askari wakigombania sarafu. Caulaincourt aliandika waziwazi katika kumbukumbu zake kwamba hasara ile ya farasi ilitokana na viatu kuliko baridi. Farasi aliowatayarisha yeye waliendelea kutembea kwenye barabara ileile.

Neno lake nalipa uzito kwa sababu naliona kazini. Siku zinapoanza kuwa fupi, farasi huota manyoya marefu, na kwenye baridi kila unywele husimama na kufunga hewa vuguvugu karibu na ngozi. Nyasi kavu zikichachuka ndani ya utumbo mpana zinamtia joto kutoka ndani. Aliyezoea, akiwa mkavu na ameshiba, hustahimili hata nyuzi 15 chini ya sifuri bila taabu. Adui ni jasho. Ukimkimbiza mpaka akalowa kisha ukamsimamisha kwenye upepo, manyoya yale yanalala na kinga yote inapotea. Ndiyo maana robo ya mwisho ya safari tunaitembea polepole, na lijamu ninaipasha kwanza viganjani kabla haijagusa ulimi.

Ushahidi mwingine ni huu: mwaka 1889, mwezi Novemba, ofisa wa Kikosaki aitwaye Dmitri Peshkov aliondoka Blagoveshchensk, kwenye mto Amur, juu ya farasi mmoja tu, Seryi, mdogo wa kimo, mwenye umri uliopita miaka 10. Hakungoja baridi ipungue. Aliikata Siberia katikati ya majira yake mabaya kabisa. Tarehe 19 Mei 1890, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, aliingia Saint Petersburg. Zilikuwa siku 193 na takriban kilomita 8,800, yaani wastani wa kilomita 46 kwa siku, mapumziko yakihesabiwa. Hiyo ni kasi ya mpandaji anayejua kujizuia. Seryi alifika mzima akikanyaga kwa miguu yake minne, na Peshkov akamkabidhi kwa mazizi ya kifalme.