Kitabu Kilichochelewa Meli

Katika kundi letu mimi ndiye mtu wa kuulizwa, "Nisome nini?" Sikuomba cheo hiki. Kilikuja chenyewe kwa sababu siku zote nina kitabu kwenye mkoba, na mtu mwenye kitabu kwenye daladala huonekana kama anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya shule, hapa Mwanza mjini. Mwenye duka hutuazima viti vya plastiki na hutuuzia chai kwa bei ya kawaida, maana anasema fasihi si sababu ya kupunguza bei ya sukari.

Mwezi mmoja tulimwalika kijana wa hapa hapa aje kutusomea hadithi zake fupi. Tulipanga viti 30. Wakaja watu 9, na mmoja wao alikuwa amekuja kununua rula. Kijana alisoma vizuri hata hivyo, na yule wa rula alikaa mpaka mwisho. Tulipomaliza nikagawa karatasi niliyoiandaa kwa siku nyingi: orodha ya vitabu 20 ambavyo kijana hana budi kuvisoma kabla hajafikisha miaka 30. Niliipenda sana orodha ile. Ilikuwa na Achebe na Ngũgĩ, ilikuwa na Dostoyevsky na Márquez, na kwa ajili ya nyumbani niliweka Shaaban Robert na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi.

Mstari wa nyuma alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Aliisogeza karatasi karibu na pua, akaisoma yote, kisha akaniita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Orodha nzuri. Umefika Urusi, umefika Amerika ya Kusini. Ziwa hili hapa hujalivuka."

Nikamwonyesha jina la Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Nilidhani nimejitetea.

"Huyo nimemwona," akasema. "Namuulizia aliyemtangulia. Kitereza yuko wapi?"

Jina nililijua. Nilikuwa nimekutana nalo katika vitabu vya fasihi, katika ile sentensi moja ambayo wanafunzi huikariri na kuisahau. Kitabu chenyewe sikuwahi kukishika. Nikamjibu kwamba ni kigumu kupatikana, na hilo nalo nilikuwa nimelisikia tu, sikuwahi kukitafuta. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Alikuwa wa ukoo wa watawala wa Wakerewe, na utotoni aliishi karibu na utawala ule na mila zake wakati zilikuwa bado zina nguvu. Wamisionari walikuwa wamekwisha kufika. Akasoma kwao pale kisiwani, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ambako alijifunza, pamoja na mengine, Kilatini na Kijerumani. Hakuwa padri. Alirudi nyumbani, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi za ukarani na za misheni. Watoto wao hawakuishi. Katika jamii ambayo mwanamume asiye na mtoto alisukumwa na ndugu zake aoe tena, Kitereza alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu kirefu kwa Kikerewe. Ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana na wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na kila mtu anategemea afanye hivyo. Badala yake anakwenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe arudi, naye anatozwa pombe ya ndizi. Hajui kuipika vizuri. Inabidi aombe msaada, na msomaji anafuatana naye hatua kwa hatua mpaka pombe iive. Baadaye wanakwenda kwa mganga, na watoto wanapatikana: kijana Ntulanalwo na msichana Bulihwali.

Ukiambiwa hivyo tu, utadhani ni hadithi fupi. Chapa ya Kiswahili ina zaidi ya kurasa 600, kwa sababu Kitereza hakutaka kusimulia ndoa tu. Alitaka kuhifadhi jinsi Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyosalimiana, walivyotibu na walivyozika, kabla watu waliokumbuka hayo hawajaisha. Alitaka pia kuihifadhi lugha yenyewe ndani ya mdomo wa watu wanaosema, wanaotania na wanaogombana.

Sasa jiweke mahali pake mwaka ule. Una kitabu kikubwa, umekiandika kwa lugha ya kisiwa kimoja, na uko mbali na kila mtambo wa uchapaji unaoweza kuchapa kazi ya namna hiyo. Hata Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili na kujulikana pwani nzima, baadhi ya vitabu vyake vilichapwa mbali kabisa, na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, nalo lilitazama zaidi vitabu vya shule na lugha zenye wasomaji wengi. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliithamini kazi ya Kitereza na kuihangaikia kwa Kifaransa. Hapo nako haikupatikana njia ya kuichapa. Miaka ikapita, uhuru ukaja, muswada ukabaki muswada.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walikwenda Ukerewe kuchunguza historia ya Wakerewe. Wakamkuta mzee mwenye maradhi ya viungo na kitabu kisichochapwa. Wakamtia moyo. Ushauri uliokuwepo ulikuwa mmoja: kwa Kikerewe hakitatoka, kwa Kiswahili kinaweza. Basi mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye vidole vinavyouma, akakaa chini na kukiandika upya kitabu chake kizima kwa Kiswahili.

Hapa husimama kila ninaposimulia. Mimi nikipoteza kurasa mbili za insha kwenye kompyuta hukaa siku tatu sitaki kuongea na mtu.

Kilichokosekana mwaka 1945 sasa kilikuwepo: mchapishaji wa nyumbani. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na tangu 1972 iliongozwa na Walter Bgoya. Mwaka huohuo wa 1972 ndiyo iliyoshiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Nyumba hiyo ikakubali kazi ya Kitereza. Hata hivyo, kukubali ni jambo moja na karatasi ni jambo lingine, nayo miaka ile ilikuwa ya uhaba. Kitabu kilikwenda kuchapwa China. Kina tarehe ya 1980, miaka 35 tangu kilipokamilika mara ya kwanza. Kitereza alifariki mwaka 1981, na nakala zilipofika nchini alikuwa amekwisha kwenda.

Kwa hiyo hakuna jioni ambayo Aniceti Kitereza aliketi mbele ya wasomaji na nakala yake mkononi, akaulizwa maswali ya kijinga, akasaini majina yaliyokosewa herufi. Viti 30 na watu 9, yeye asingevipata hata hivyo. Nilipolifikiria hili niliona haya kwa jinsi nilivyosikitika siku ile ya kijana wetu.

Nilizunguka mjini kukitafuta kitabu. Duka la kwanza walinionyesha vitabu vya kiada. La pili walinionyesha vitabu vya kutajirika. Nikampigia Mwalimu simu. "Njoo ukichukue," akasema. "Lakini uje mwenyewe."

Nikapanda meli ya Nansio. Nilikuwa nimeishi Mwanza maisha yangu yote, nikivitazama visiwa kama watu wanavyotazama picha ukutani, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka. Nyumbani kwake Mwalimu alinipa uji, kisha akaleta kitabu kilichofunikwa kwa gazeti, na daftari la shule. Ndani ya daftari kulikuwa na majina na tarehe kwa kalamu za rangi tofauti, mengine ya miaka mingi iliyopita. Wanafunzi wake, walimu wenzake, nesi wa zahanati, mvuvi mmoja aliyekaa nacho miaka miwili.

"Kitabu hakiazimwi kwa mdomo," akasema. "Andika."

Nikaandika. Njiani kurudi nilisoma mpaka upepo ukakataa.

Tangu hapo nimebadilisha orodha yangu. Nikiulizwa leo nisome nini, naanzia ng'ambo, na ninaeleza njia. Anza na Kezilahabi, kwa sababu ndiye wa karibu na umri wako: *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana, kisha mashairi ya *Kichomi* ya mwaka 1974, yaliyowagombanisha wenye vina na wasio na vina. Nenda kwa Gabriel Ruhumbika, mwana mwingine wa Ukerewe, usome *Miradi Bubu ya Wazalendo*. Ruhumbika ndiye pia aliyekwenda kwenye Kikerewe chenyewe cha Kitereza akakitafsiri kwa Kiingereza, tafsiri iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Halafu, ukiwa umezoea sauti za kisiwa hicho, mfungue Kitereza. Usimsome kwa haraka. Ukifika kwenye pombe ya ndizi usiruke, maana hapo ndipo utakapojua Myombekere anampenda mkewe kiasi gani. Yeye mwenyewe hatakuambia.

Ukitaka kuona kwamba habari hii haikuisha na Kitereza, chukua *Peponi*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022. Miaka 28 kurudi nyumbani. Vitabu vyetu vina tabia ya kukosa meli ya kwanza.

Zamani niliamini kwamba kupendekeza kitabu ni kuwa na ladha nzuri. Sasa naona ni kazi ya uchukuzi. Kitereza aliandika mara mbili, mke wake aliishi na kazi ile, padri aliihangaikia, wageni wawili waliiuliza, mchapishaji aliikubali, meli iliileta, mwalimu akaifunika kwa gazeti. Mmoja wao angechoka, nisingekuwa na la kupendekeza. Na kupendekeza kitabu ambacho mtu hawezi kukipata ni kumpa maneno tu.

Basi tukafanya jioni ya mwandishi asiyekuwepo. Safari hii tulipanga viti 10 ili tusijidanganye. Walikuja 14. Tulisoma kwa zamu, kwa sauti, sehemu ya Myombekere kwa wakwe zake. Mama muuza ndizi wa barabarani, aliyekuja kwa sababu alisikia kuna ndizi kitabuni, alicheka kabla yetu kila mara. Vijana wawili waligombana: mmoja alisema Myombekere amejidhalilisha, mwenzake akasema huyo ndiye mwanamume pekee katika hadithi nzima. Dada mmoja wa kundi letu, ambaye huwa haachi hoja ipite, jioni ile hakusema neno. Yuko kwenye ndoa miaka kadhaa, na tunajua maneno anayoambiwa kwenye sherehe za ukweni, ingawa hatuulizi. Watu walipokuwa wanakusanya viti akaja kwangu.

"Kitabu hicho kinaazimwa?"

Nikampa kalamu na daftari. Akaandika jina lake chini ya langu, polepole, akaweka tarehe.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Wiki iliyopita Mwalimu alipiga simu. Macho yamefanyiwa upasuaji, anaona hata sindano, anataka kusoma.

"Kitabu changu kiko wapi, mwanangu?"

"Kinasomwa, Mwalimu. Nimeuliza juzi, nimeambiwa kinasomwa na watu wawili, yeye na mumewe, kila usiku kurasa chache."

Akanyamaza kidogo.

"Mume naye ameandika jina kwenye daftari?"

"Bado, Mwalimu."

"Mwambie aandike," akasema. "Halafu waache wamalize."