Mbegu Iliyolala na Mbegu Iliyokufa: Tarehe ya Istilahi za Upimaji wa Uotaji

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha maofisa misitu hukutana mapema na shida moja. Mbegu za mgunga au za mlusina zimekaa kitaluni majuma mengi bila ya kuota, nazo hazijaoza. Aziiteje? Akiandika "mbegu mbovu", msomaji wake atazitupa. Akiandika "mbegu zilizokufa", zitachomwa moto. Kumbe mbegu hizo zi hai. Tumeonelea yafaa kufuata tarehe ya jambo lenyewe, ili istilahi ijengwe juu ya ujuzi, si juu ya kubahatisha.

Upimaji wa mbegu kama elimu yenye kanuni zake ulianza Tharandt, huko Saxony katika Ujerumani, mwaka 1869, Friedrich Nobbe alipofungua kituo cha kwanza cha kazi hiyo. Wakulima wa zama hizo waliuziwa mbegu zilizochanganywa na takataka, wala hawakuwa na kipimo cha kuthibitishia madai yao. Mwaka 1876 Nobbe alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya mbegu, na mwaka 1924 kikaundwa chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, ili kipimo cha nchi moja kipate kuaminiwa na nchi nyingine.

Kwa kanuni za chama hicho, kwa kawaida huchukuliwa mbegu safi 400, zikagawanywa katika mafungu ya mbegu mia mia. Muda uliowekwa ukitimia, matokeo huhesabiwa kwa makundi matano: miche ya kawaida, miche yenye kasoro, mbegu ngumu, mbegu zilizofyonza maji zisiote ingawa zingali nzima, na mbegu zilizokufa. Asilimia ya uotaji ni ya kundi la kwanza peke yake.

Kundi la tatu ndilo linaloihusu sana miti ya jamii ya kunde. Ganda la nje la mbegu hizo lina safu ya seli zilizosimama na kubanana, zisizopitisha maji. Kiini ki tayari kuota, ila mlango umefungwa. Ndiyo sababu watunza vitalu hukwaruza ganda, au hukata kipande kidogo upande usio na kiini, au huzitia mbegu katika maji ya moto, au katika asidi ya salfa kwa muda maalumu. Njia zote hizo zina shabaha moja: kuyapatia maji njia ya kuingia.

Mfano mashuhuri ni wa London. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huo zilihifadhiwa mbegu za Albizia julibrissin zilizochumwa China mwaka 1793. Mwaka 1940 bomu liliwasha moto katika jengo, moto ukazimwa kwa maji, na baadhi ya mbegu zikaota. Moto na maji ya siku moja vilifungua kilichokuwa kimefungwa miaka 147.

Turejee sasa kwenye maneno. "Mbegu ngumu" ni istilahi fupi nayo yafaa, ila hapana budi ifafanuliwe, kwani msomaji wa kawaida huelewa ugumu wa kutafuna, hali mpimaji anakusudia ganda linalokataa maji. "Ubwete" latosha kutaja hali yoyote ya mbegu hai isiyoota hata ikipewa maji, hewa na joto la kufaa. Na madhali sababu ni nyingi, twaweza kutofautisha "ubwete wa ganda" na "ubwete wa kiini". "Usingizi wa mbegu" ni usemi mzuri darasani, lakini una hatari yake: kwa kuwa "kuota" ni kwa mbegu na ni kwa ndoto pia, mwanafunzi aweza kudhani kuwa mbegu iliyolala ndiyo inayoota!

Kwa hiyo twawasihi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waandikao fomu za vituo vya mbegu wasiunganishe safu ya "ngumu" na safu ya "zilizokufa". Mbegu iliyokufa haina dawa. Mbegu ngumu yangoja kukwaruzwa tu, na neno moja lililokosewa katika fomu laweza kupeleka jaani msitu mzima ambao haujapandwa.