Korea haina mfalme, ila kwenye runinga

Julai 2005 mwili wa Yi Ku uliwasili Seoul kutoka Tokyo kwa mazishi. Marehemu alikuwa msanifu majengo aliyesomea Marekani, katika chuo cha MIT, na mjukuu wa Gojong, aliyekuwa mtawala wa Korea. Mauti yalimkuta akiwa peke yake katika hoteli iliyojengwa kwenye kiwanja cha makazi ya zamani ya wazazi wake. Mtoto hakuacha.

Miezi sita baadaye, Januari 11, 2006, kituo cha MBC kilianza kurusha Goong, tamthilia ya mapenzi iliyovuma nchi za nje kwa jina la Princess Hours. Humo ufalme wa Korea haujaanguka, na mrithi wa kiti, Lee Shin, ni mwanafunzi anayevaa sare ya shule kama wenzake.

Chanzo cha tamthilia hiyo ni kitabu cha katuni cha Park So-hee kilichoanza kutoka mwaka 2002, na muongozaji alikuwa Hwang In-roi. Msichana Chae-kyeong anatoka familia ya kawaida iliyozama kwenye madeni: mama anauza bima, baba anashinda nyumbani akipika. Ghafla inabainika kwamba babu yake na mfalme wa zamani walikuwa marafiki, na waliahidiana kuozeshana wajukuu. Shin ana mpenzi wake mcheza baleti, na Chae-kyeong hajamzoea mtu wa kasri hata mmoja. Wanaoana hivyo hivyo, na mapenzi yanakuja baadaye, kwa ugomvi mwingi.

Nafasi ya Chae-kyeong alipewa Yoon Eun-hye, mwimbaji wa zamani wa kundi la Baby V.O.X, na ya Shin akapewa Ju Ji-hoon, mwanamitindo ambaye hakuwa na jina kwenye uigizaji. Tamthilia ilikwenda sehemu 24. Kila sehemu ilifungwa na midoli ya dubu iliyovikwa mavazi kama ya wahusika na kupangwa kuigiza tukio ambalo mtazamaji ametoka kuliona.

Kilichowapata watu wa kasri halisi hakikuwa cha kuchezea midoli. Ukoo wa Yi ulishika kiti mwaka 1392. Mwaka 1895 wauaji wa Kijapani waliingia kasri la Gyeongbokgung na kumuua malkia, mke wa Gojong. Mwaka 1907 Gojong alilazimishwa kung'atuka, na mwanawe Yi Un, mtoto wa miaka kumi, akapelekwa Japani kwa kisingizio cha masomo. Mwaka 1909 kasri la Changgyeonggung liligeuzwa bustani ya wanyama, na watu wakaenda kutazama wanyama pale walipoishi wafalme. Mwaka uliofuata Japani iliimeza nchi nzima.

Yi Un naye alipangiwa ndoa. Mwaka 1920 aliozwa Masako, binti wa ukoo wa kifalme wa Japani, na huyo ndiye aliyemzaa Yi Ku. Dada wa Yi Un, Deokhye, alipelekwa Japani mwaka 1925 na kuozwa huko pia. Uhuru wa 1945 haukuwarudisha nyumbani, kwa kuwa Rais Syngman Rhee hakumtaka Yi Un nchini, na mali za kasri zikawa za serikali. Deokhye alirudi mwaka 1962, Yi Un mwaka 1963 akiwa mgonjwa taabani. Deokhye na wifi yake Masako waliishi katika uwanja wa kasri la Changdeokgung, wakafariki Aprili 1989, siku chache tu zikiwatenganisha.

Hapo ndipo Goong inapogusa kidonda. Ndoa yake nayo ni ya kupangwa, ila waliopanga ni mababu wawili wa Kikorea, na bibi harusi ni binti wa mwenye deni. Mkono wa Japani umeondolewa, na mlango wa kasri umefunguliwa kwa mwananchi. Tamthilia zilizofuata zilishika njia hiyo hiyo. Katika My Princess ya 2011, mwanafunzi anagundua kuwa yeye ni kitukuu wa mfalme. Katika The King 2 Hearts ya 2012, mwanamfalme wa Korea Kusini anamchumbia ofisa wa jeshi la Korea Kaskazini. Mwaka 2020, The King: Eternal Monarch ilipoanza, watazamaji waligundua kwamba majengo ya ufalme wake wa kubuni yalifanana na mahekalu ya Japani. Malalamiko yalikuwa makali, na watayarishaji wakaomba radhi.

Mwishoni mwa Goong, Shin anaachia urithi wake na kiti kinakaliwa na dada yake. Septemba 2006, miezi sita baada ya sehemu ya mwisho, baadhi ya ndugu wa ukoo wa Yi walimtawaza Yi Hae-won, bibi wa miaka 87, kuwa malkia, katika hoteli moja ya Seoul. Serikali haikumtambua, na hata chama cha ukoo kilibaki na mrithi wake mwingine. Yaelekea Wakorea waliokuwa wameshinda wiki nzima wakisubiri kumuona Chae-kyeong akivikwa mavazi ya kifalme hawakudai kiti kirudishwe. Walichokipenda ni ufalme ambao binti wa jirani anaweza kuolewa ndani yake. Wa kuwatawala hawakuuhitaji.