Kiswahili chetu na njia tulizopita



Barua zinazofika kwa komite yetu zinaonyesha mutu alikaa wapi, hata kama hakuandika adresi. Mwenye kuandika «niko naenda ku soko kununua sombe na ndagala», huyo alikomalia Uvira ama Baraka. Mwenye kuandika «ninaenda sokoni kununua kisamvu na dagaa», huyo amekaa miaka mingi upande wa Kigoma. Kwake feza imekuwa hela, bugali imekuwa ugali, na ku masomo imekuwa shuleni. Kuna maneno yanatuchanganya kabisa: kwetu «kutosha kiti» ni kukiondoa, kwa Mtanzania, kutosha ni kuenea.

Tofauti hizi zina historia. Kiswahili chenyewe kilifika huku kwa njia ya ziwa, pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshawatangulia. Nyuma yake mipaka ya wakoloni ikagawa lugha. Mwaka 1930 Waingereza waliweka komiti moja ya Kiswahili kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikafuata Kiswahili cha Unguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo. Huku lugha ikafuata midomo ya lugha zetu za nyumbani, ndiyo maana «mutoto» alibaki na «u» yake. Maandishi nayo yakachukua desturi ya Wabelgiji: tunaandika Rutshuru pale Mtanzania angeandika «Ruchuru».

Kisha vita. Tangu Oktoba 1996 wengi wetu tulivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo. Wengine walivuka Rusizi na kuingia Burundi, ambako ndagala ni ndagala na mukeke ni mukeke, sawa na Uvira. Kigoma samaki huyo wa pili wanamwita mgebuka. Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Watoto waliozaliwa ng'ambo wakashuka na Kiswahili walichokikuta kule.

Sasa hapa ndipo panauma. Ku tereni ninasikia watu wakisema: «Huyu si wa huku, sikia anavyoongea.» Ugomvi wa shamba ukianza, «r» na «l» za mutu zinageuzwa kuwa karte ya uraia. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Ku vivuko vya Yordani mutu aliambiwa atamke «Shibolethi», na aliyekosa sauti ya «sh» aliuawa. Walikufa watu 42.000, na wote walikuwa Waisraeli, wauaji pamoja na waliouawa.

Matamshi yanaonyesha mutu alipita wapi. Hayaonyeshi baba yake alizikwa wapi, wala nani alipanda michikichi ya shamba lile. Kwa hayo kuna majirani, kuna wazee wa mtaa, kuna mipaka ya shamba inayojulikana. Tuwaulize hao.

Tena tuangalie majina. Baba anaweza kuwa na jina lenye «tsh» ku karte yake, na mtoto akaandikwa «ch» ku karatasi ya kambi, ama «Mu-» ikawa «M-». Mbele ya biro wataonekana kama watu wawili wasio na undugu. Mwenye tatizo hilo asirekebishe herufi kwa mkono wake mwenyewe, ju karatasi iliyochezewa inaleta shida kubwa zaidi. Alete karatasi zote mbili kwa komite, pamoja na mashahidi wawili wanaoijua familia tangu mbele ya vita, ili tumsindikize.

Na wale wanaoogopa kutuandikia ju watachekwa na Kiswahili chao, waandike. «Ku soko» na «sokoni», komite inasoma yote mawili.