Mrithi wa Gwanda na Mwana wa Taifa

Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya askari wa zamani aliyekuwa akiishi Houston. Alitaka kusomea uanasheria bila kulipa ada, kama Sheria ya Hazlewood inavyowaruhusu askari wa Texas. Kilichomponza ni kwamba siku alipojiandikisha jeshini alikuwa mkazi wa Georgia. Mahakama ya chini ilimpa ushindi, ya rufaa ikautengua. Damu yake ilikuwa ya Marekani nzima, lakini daftari lilitaka kujua ilianzia jimbo gani.

Ajabu hiyo ina mzizi. Vyuo vikuu vya umma huko ni mali ya majimbo, na jimbo hupunguzia wenyeji wake ada. Mgeni huweza kutozwa mara tatu au zaidi. Sasa mfikirie mtoto wa askari, anayehamishwa kambi hadi kambi kila baada ya miaka michache. Mwenyeji wa wapi huyo? Ndiyo maana mwaka 2014 Bunge la nchi hiyo lilivibana vyuo vinavyopokea fedha za masomo ya askari: vimtoze askari wa zamani, pamoja na mwanawe anayetumia haki yake, ada ya mwenyeji. Mwanzoni ilibidi aanze masomo ndani ya miaka mitatu tangu mzazi aache jeshi. Mwaka 2021 kikwazo hicho kiliondolewa.

Haki yenyewe ya masomo inafanana na mirathi. Askari ana miezi 36 ya kulipiwa masomo, na anaweza kuwagawia mke na watoto kama baba agawaye shamba. Texas nayo, tangu 2009, inamruhusu kumwachia mtoto asiyezidi miaka 25 krediti zilizobaki katika zile 150 anazosamehewa ada na Sheria ya Hazlewood.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Mwezi Julai 1917, mayatima wa vita wakiwa hawahesabiki, ilitunga sheria ya taifa kuwaasili watoto hao. Hakimu hutamka kuwa mtoto ni mwana wa taifa, na maneno hayo huandikwa pembeni mwa cheti cha kuzaliwa. Albert Camus alikuwa mmoja wao. Baba yake alijeruhiwa katika mapigano ya Marne, akafa Oktoba 1914 mtoto hajatimiza mwaka. Mama, asiyejua kusoma, alifanya usafi katika nyumba za watu jijini Algiers. Mwaka 1957 mtoto huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hadi leo mwana wa taifa halipi ada ya kujiandikisha katika chuo kikuu cha umma, wala haulizwi anatoka mkoa gani. Athens ya kale nayo iliwalea mayatima wa waliofia vitani kwa fedha za mji mpaka wakawa watu wazima.

Tusiionee Marekani. Mayatima wa askari waliofia kazini tangu Septemba 11, 2001 wana ufadhili wao, uliopewa jina la Fry, askari aliyeuawa Iraq mwaka 2006. Na mlango wa Ufaransa ni mwembamba: mzazi awe amekufa au ameumia vibaya. Askari aliyerudi mzima hana cha kumwachia mwanawe kwa sheria hiyo. Marekani inampa hata huyo, na kwa ukarimu. Hata hivyo, mimi naliona neno la Wafaransa kuwa zito zaidi, kwa sababu linamtazama mtoto mwenyewe. Kwa Mmarekani mtoto ni mrithi, na mrithi hupata tu kile ambacho mzazi alikumbuka kuandika.

Wapo askari waliosahau. Kuhamisha miezi ile 36 kunataka miaka sita ya utumishi na ahadi ya minne mingine, na ombi sharti lifanywe mtu angali jeshini. Basi kama una ndugu anayevaa gwanda la jeshi la Marekani leo, mpigie simu: ajaze fomu kabla hajalivua.